TUJIFUNZE KUCHORA KICHWA CHA MTU



Sasa unajua kusoma. Unajua kuandika jina lako, barua, na hesabu ya dagaa uliowauza. Mkono wako umeizoea penseli. Katika somo hili utautumia mkono huo huo kwa kazi nyingine. Utajifunza kuchora kichwa na uso wa mtu.

Labda utasema, "Mimi ni mtu mzima. Kuchora ni kazi ya watoto wa shule." Au utasema, "Kuchora ni kipaji. Mimi sikuzaliwa nacho."

Maneno ya namna hii yalisemwa zamani juu ya kusoma. Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika miaka ile watu wengi wenye mvi walishika penseli kwa mara ya kwanza. Herufi zao za kwanza zilipinda. Wengine walichekwa. Lakini waliendelea, na mwishowe walisoma. Kuchora nako ni hivyo hivyo. Kuna mambo ya kujua, na kuna mazoezi ya kufanya.

KWA NINI TUJIFUNZE KUCHORA USO?

Kwanza, ili tuwe na kumbukumbu ya wazee wetu. Hapa Kabwe, na katika vijiji vingi vya Ufipa, wapo wazee waliofariki bila kuacha picha hata moja. Mjukuu huambiwa, "Babu yako alikuwa na paji pana, na nyusi zake zilikutana." Mjukuu husikia, lakini haoni. Siku hizi watu wengi wana simu za kupiga picha. Hata hivyo simu huanguka ziwani, huibiwa au huharibika, na picha zote hupotea pamoja nayo. Karatasi iliyochorwa vizuri na kutunzwa mahali pakavu hudumu miaka mingi.

Pili, kuchora ni kazi inayoweza kukupatia fedha. Tazama duka la kinyozi. Mara nyingi ukutani au mlangoni pamechorwa vichwa vya watu vyenye mitindo ya nywele. Kuna mtu aliyelipwa kuvichora. Mtu huyo angeweza kuwa wewe.

Tatu, kuchora hutufundisha kutazama. Unamwona jirani yako kila siku. Je, unaweza kusema sikio lake linaanzia wapi na kuishia wapi? Wengi wetu hatuwezi. Tunamtambua mtu, lakini hatujamtazama kwa makini.

WALIOCHORA KABLA YETU

Kuchora watu si jambo geni katika nchi yetu. Huko Kondoa, katika Mkoa wa Dodoma, kuna michoro ya kale sana kwenye miamba. Mingi ilichorwa kwa rangi nyekundu. Inaonyesha wanyama na watu warefu wembamba. Mwaka 1951 mtafiti Mary Leakey alikwenda huko, akainakili michoro mingi kwenye karatasi. Mwaka 2006 michoro hiyo iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia.

Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji nao ni mafundi wa vichwa. Huchonga vinyago vya kuvaa kichwani wakati wa ngoma. Vingine vina sura ya mtu kamili, hata nywele za kweli hubandikwa juu yake.

Ulaya nako alikuwako mchoraji wa Ujerumani aliyeitwa Albrecht Dürer. Yeye aliwapima watu wa aina nyingi: wanene, wembamba, wanaume, wanawake na watoto. Vipimo vyake vilitolewa katika kitabu mwaka 1528, mwaka ule ule aliofariki. Hakuandika kipimo kimoja tu kwa watu wote. Aliandika vipimo vya aina mbalimbali za watu, kwa sababu watu hawafanani.

Likumbuke jambo hilo. Tutalirudia.

VIFAA

Huhitaji vifaa vya gharama kubwa. Tafuta vitu hivi:

1. Penseli, au mkaa.
2. Karatasi. Daftari linafaa. Karatasi ya ndani ya mfuko wa saruji inafaa zaidi, kwa kuwa ni pana na ina rangi ya kahawia. Ikung'ute vumbi lote kwanza, nje ya nyumba.
3. Kipande cha chaki nyeupe.
4. Ubao, au kipande cha mbao laini, cha kuwekea karatasi.
5. Unyasi mmoja mkavu ulionyooka. Huu utakuwa kipimo chako.

Mkaa wa jikoni ni mgumu na hukwaruza karatasi. Unaweza kutengeneza mkaa laini wewe mwenyewe. Kata vijiti vikavu vya mti mwepesi usio na utomvu. Viwe na unene wa penseli. Vipange ndani ya kopo lenye kifuniko. Toboa tundu dogo kwenye kifuniko ili moshi upate kutoka. Usisahau tundu hilo, kwa maana kopo lililozibwa kabisa laweza kupasuka motoni. Weka kopo ndani ya moto. Moshi utatoka kwenye tundu. Moshi ukikoma kutoka, ondoa kopo motoni, uliache lipoe kabisa. Usilifungue likiwa la moto, kwani hewa ikiingia vijiti vitaungua na kuwa majivu. Likipoa, utapata mkaa mweusi laini wa kuchorea.

JIPIME KICHWA CHAKO

Kabla ya kuchora, fanya jaribio hili. Weka kiganja kimoja juu ya utosi, kikiwa kimelala sawasawa. Mwombe mwenzako achukue unyasi na kupima kutoka kwenye kiganja hicho hadi usawa wa macho yako. Akate unyasi hapo. Kisha apeleke unyasi huo huo kutoka usawa wa macho hadi chini ya kidevu.

Mtaona nini? Mtaona kwamba urefu ni ule ule, au unakaribiana sana. Macho yako katikati ya kichwa.

Watu wengi hushangaa. Mchoraji mgeni karibu kila mara huyaweka macho juu sana, karibu na nywele. Sababu yake ni hii. Tunapozungumza na mtu tunatazama macho, pua na mdomo. Paji na utosi hatuvitazami. Basi tunapochora tunaupa uso nafasi yote, na kichwa kinakosa mahali pa ubongo. Mchoro wa namna hiyo hufanana na mtu aliyekatwa utosi.

Jifunze kanuni hii ya kwanza: MACHO YAKO KATIKATI YA KICHWA. Usihesabu urefu wa nywele, kofia wala kilemba. Pima kuanzia utosi.

HATUA ZA KUCHORA USO UNAOTAZAMA MBELE

Tuchore kichwa chenye urefu wa sentimita 20 na upana wa sentimita 15. Tumia karatasi ya mfuko wa saruji. Kama unatumia daftari, gawanya kila kipimo kwa mbili.

Hatua ya kwanza. Chora umbo la yai. Upande mpana uwe juu, upande mwembamba uwe chini. Usikandamize mkaa. Mistari ya mwanzo iwe hafifu, kwa sababu baadaye utaifuta.

Hatua ya pili. Chora mstari wima katikati ya yai, kutoka juu hadi chini. Mstari huu utakusaidia kuweka pua na mdomo mahali pake.

Hatua ya tatu. Chora mstari wa kulala katikati ya yai, yaani sentimita 10 kutoka juu. Huu ni mstari wa macho.

Hatua ya nne. Sasa tazama sehemu ya chini, kutoka mstari wa macho hadi kidevu. Igawanye kwa mbili. Chora mstari mwingine wa kulala, sentimita 15 kutoka juu. Hapo ndipo pua inapoishia.

Hatua ya tano. Sehemu iliyobaki, kutoka pua hadi kidevu, ina sentimita 5. Igawanye mara tatu. Fungu la kwanza kutoka juu linaishia mahali midomo miwili inapokutana. Hapo ni karibu sentimita 2 chini ya pua, kasoro kidogo.

Hatua ya sita. Rudi kwenye mstari wa macho. Ugawanye mafungu matano yaliyo sawa. Kila fungu litakuwa na sentimita 3. Jicho moja ni fungu la pili. Jicho jingine ni fungu la nne. Fungu la tatu, lililo katikati, ni nafasi kati ya macho. Kwa hiyo kati ya jicho na jicho kuna nafasi ya jicho jingine.

Hatua ya saba. Chora nyusi juu kidogo ya macho. Kisha chora masikio. Sikio huanzia usawa wa nyusi na kuishia usawa wa chini ya pua. Wengi huchora masikio madogo mno. Pima.

Hatua ya nane. Chora shingo. Usiichore nyembamba kama kijiti. Kwa mtu mzima, shingo huanzia chini ya masikio na kushuka hadi mabegani. Shingo ya mvuvi anayevuta nyavu au ya mtu anayebeba mizigo huwa nene.

Hatua ya tisa. Chora nywele. Usichore unywele mmoja mmoja. Chora umbo zima la nywele, kisha ulitie weusi.

Sasa unao uso. Lakini ni uso wa nani? Bado si uso wa mtu yeyote. Ni kama nyumba iliyosimamishwa miti tu. Haijakandikwa na haijaezekwa.

KIPIMO NA MTU MWENYEWE

Hapa ndipo penye kiini cha somo hili. Soma sehemu hii polepole, na ikibidi isome mara mbili.

Vipimo tulivyotumia ni vya kuanzia tu. Vinakuonyesha mahali pa kutazama. Ukiisha kuvijua, mtazame mtu aliyekaa mbele yako na ujiulize: Je, yeye anatofautianaje na kipimo?

Mathalani, vitabu vingi vya kufundisha kuchora viliandikwa Ulaya. Baadhi yake husema kwamba upana wa pua ni sawa na nafasi iliyo kati ya macho. Pima pua za watu kumi wa darasa lako. Utaona nyingi ni pana kuliko nafasi hiyo. Je, pua hizo zimekosea? La. Kitabu kiliandikwa na mtu aliyewatazama watu wengine. Na midomo ni vivyo hivyo. Ukichora pua nyembamba na midomo myembamba kwa sababu umeona hivyo kitabuni, utakuwa umemchora mtu asiyekuwapo, na aliye mbele yako utakuwa umemwacha.

Basi mtazame mtu wako na ujiulize maswali haya:

Uso wake ni mrefu, au ni wa mviringo?
Paji lake ni pana, au ni jembamba?
Taya zake ni za pembe, au zimechongoka?
Mifupa ya mashavu imejitokeza, au imefichwa na nyama?
Jicho moja limekaa juu kuliko jingine?
Ana kovu, ndevu, mwanya au chale?

Kila jibu ni tofauti ndogo. Tofauti hizo ndogo ndizo zinazomfanya mtu awe yeye na si ndugu yake. Ukizipata tatu au nne kwa usahihi, watu watasema, "Huyu ni fulani," hata kama mistari yako bado inatetemeka.

KUPIMA KWA UNYASI NA KAMBA

Utampimaje mtu bila kumgusa? Tumia unyasi wako. Nyoosha mkono wako wote mbele. Fumba jicho moja. Shika unyasi wima, ncha yake iwe usawa wa utosi wa mtu yule. Telezesha kidole gumba hadi usawa wa macho yake. Sasa shusha unyasi, uone kama urefu huo unatosha kutoka macho hadi kidevu. Mkono uwe umenyooka kila mara. Ukiukunja, kipimo kitabadilika.

Waashi hutumia timazi kujua kama ukuta umesimama wima. Wewe pia unaweza kutumia kamba yenye kijiwe. Ining'inize mbele ya macho yako, umtazame mtu kupitia kamba hiyo. Utaona kama pembe ya mdomo iko chini ya katikati ya jicho, au iko ndani zaidi. Utaona pia kama kichwa kimeinama. Watu wachache sana hukaa na kichwa kilichonyooka kabisa.

KICHWA KINACHOTAZAMA KANDO

Mwambie mwenzako atazame mlango, wewe ukae ubavuni mwake. Sasa unaona jicho moja, sikio moja na nusu ya mdomo. Macho bado yako katikati ya urefu wa kichwa. Hilo halikubadilika.

Jambo jipya ni kisogo. Pima kwa unyasi kutoka paji hadi kisogo. Utaona kwamba urefu huo unakaribia ule wa kutoka utosi hadi kidevu. Kwa hiyo kichwa cha kando huingia karibu kabisa ndani ya mraba. Mgeni husahau kisogo, akakikata nyuma tu ya sikio.

Na sikio liko wapi? Gawanya kichwa kwa mstari wima katikati, kati ya paji na kisogo. Sikio liko nyuma kidogo ya mstari huo. Haliko karibu na jicho.

Chukua sarafu ya shilingi 500. Kuna kichwa cha Mzee Abeid Karume. Chukua pia noti ya shilingi 1,000. Kuna kichwa cha Mwalimu Nyerere. Tazama jinsi mafundi walivyoweka macho, pua na masikio. Pima kwa unyasi. Kitambulisho chako chenye picha nacho ni kielelezo kizuri, kwa kuwa mtu ametazama mbele.

MTOTO NA MZEE

Kichwa cha mtoto mchanga si kichwa cha mtu mzima kilichopunguzwa. Paji lake ni kubwa. Macho yake yako chini ya katikati. Pua yake ni fupi, mashavu yamejaa na kidevu ni kidogo. Ukiyaweka macho ya mtoto katikati, atafanana na mtu mzima mfupi.

Kwa mzee mambo hubadilika tena. Nyama za pande za paji huingia ndani. Mashavu hushuka. Masikio huonekana marefu zaidi. Kama meno yametoka, nafasi kati ya pua na kidevu hupungua, na midomo huingia ndani. Makunyanzi usiyachore kama mistari ya daftari. Chagua yale makubwa tu, uyachore kwa wepesi. Ukiyachora yote kwa weusi mmoja, mzee ataonekana amekasirika.

MWANGA NA KIVULI

Mkalishe mtu karibu na mlango asubuhi, mwanga umpate upande mmoja. Upande mmoja wa uso utang'aa, na mwingine utakuwa na kivuli. Jua la saa sita halifai. Huingiza macho gizani.

Hapa utaona faida ya karatasi ya kahawia. Rangi ya karatasi iache iwe ngozi. Tia mkaa mahali penye kivuli: chini ya nyusi, ubavuni mwa pua, chini ya mdomo wa chini, chini ya kidevu na shingoni. Kisha tia chaki kidogo sana mahali panapong'aa: kwenye paji, juu ya mfupa wa shavu na kwenye mgongo wa pua. Ngozi nyeusi hung'aa vizuri sana mahali hapo. Usichanganye chaki na mkaa mahali pamoja, utapata rangi ya majivu.

Ukimaliza, usiuguse mchoro kwa mkono. Ufunike kwa karatasi safi, uuweke mahali pasipo unyevu wala mchwa.

MAKOSA YANAYOTOKEA MARA NYINGI

1. Jicho linalochorwa kama samaki, na duara zima jeusi katikati. Tazama jicho la mwenzako. Kope ya juu hufunika sehemu ya duara hilo. Jicho lenye duara zima ni la mtu aliyeshtuka.

2. Meno yanayochorwa moja moja. Mtu akicheka, acha meno yote kama utepe mmoja mweupe. Tia giza pembeni tu.

3. Mstari mweusi mnene kuzunguka midomo. Mdomo wa juu kwa kawaida una kivuli. Mdomo wa chini hupata mwanga. Chora mstari mmoja tu, pale midomo inapokutana.

4. Kuanza na kope na kovu kabla ya umbo la kichwa. Fundi hapambi mlango kabla ya kusimamisha ukuta.

5. Kutazama karatasi muda mrefu kuliko mtu. Mtazame mtu kwanza, kisha chora kidogo, kisha mtazame tena.

HESHIMA KWA ANAYECHORWA

Uso ni mali ya mwenyewe. Usimchore mtu kwa siri. Mwombe kwanza. Wengine hawapendi kuchorwa, na wana haki. Mathalani, unataka kumchora bibi yako. Zungumza naye hivi:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Habari za kwenu?"

"Nzuri, bibi. Bibi, najifunza kuchora darasani. Naomba nikuchore uso wako, upate kubaki kwetu."

"Unichore mimi mzee? Kwa nini usiwachore wasichana?"

"Wasichana bado wapo siku nyingi, bibi. Na watoto wangu nataka wakujue wewe."

"Haya. Ngoja kwanza nifunge kitambaa changu vizuri."

Mwache afunge kitambaa chake. Mkalishe mahali pazuri, kwenye kivuli. Usimkalishe zaidi ya nusu saa bila kupumzika. Ongea naye unapochora, kwa maana uso wa mtu anayezungumza una uhai. Mwulize alikozaliwa, na nani walikuwa wazazi wake. Ukimaliza mwonyeshe mchoro. Akicheka, cheka naye. Nyuma ya karatasi andika jina lake, jina la kijiji, na tarehe. Andika pia jambo moja alilokueleza. Hapo kusoma, kuandika na kuchora vitakuwa vimefanya kazi pamoja.

Mchoro wa kwanza huenda usifanane naye. Mchore tena wiki ijayo, na wiki nyingine tena. Usitupe michoro ya mwanzo. Ipange kwa tarehe, uone jinsi mkono wako unavyoendelea.

Kama mzee amekwisha fariki na hana picha, kazi ni ngumu, lakini unaweza kujaribu. Tafuta ndugu anayesemekana kufanana naye. Mchore huyo. Kisha keti na waliomjua mzee, waseme: "Pua ilikuwa pana zaidi. Nywele zilirudi nyuma." Rekebisha kidogo kidogo. Lakini nyuma ya karatasi andika kweli kwamba mchoro huu ulitokana na maelezo ya watu. Usiwadanganye watakaokuja.

Kwa sababu hiyo, ndugu msomaji, usingoje mpaka uwe fundi. Anza sasa na wazee walio hai. Mchoro wenye mistari iliyopinda, uliochorwa huku mwenyewe akiwa amekaa mbele yako, una mambo ambayo fundi hodari hawezi kuyapata baadaye.

MANENO YA KUKUMBUKA

Utosi: sehemu ya juu kabisa ya kichwa.
Kisogo: sehemu ya nyuma ya kichwa.
Paji: sehemu ya uso iliyo juu ya nyusi.
Taya: mfupa unaoshika meno.
Timazi: kamba yenye uzito ya kupimia kama kitu kimesimama wima.
Hafifu: isiyo nzito, isiyoonekana sana.

MASWALI

1. Macho ya mtu mzima yako sehemu gani ya kichwa? Ya mtoto mchanga je?
2. Kwa nini wanaoanza kuchora huyaweka macho juu sana?
3. Kwa nini tunatoboa tundu kwenye kifuniko cha kopo la mkaa?
4. Unataka kuchora kichwa chenye urefu wa sentimita 24. Mstari wa macho utakuwa sentimita ngapi kutoka juu? Pua itaishia sentimita ngapi kutoka juu?
5. Sikio huanzia usawa gani na kuishia usawa gani?
6. Kwa nini si vizuri kufuata kipimo cha kitabu tu bila kumtazama mtu mwenyewe?

KAZI YA KUFANYA

1. Wiki hii, wewe na mwenzako mpimane vichwa kwa unyasi. Andikeni mahali mnapotofautiana na vipimo vya somo hili.
2. Chora yai kumi na uweke ndani yake mistari ya macho, pua na mdomo, mpaka uweze kufanya hivyo bila kupima.
3. Mwombe mzee mmoja wa nyumbani kwenu akubali kuchorwa. Lete mchoro darasani, ukiwa na jina na tarehe nyuma yake. Tutaibandika yote ukutani, kila mtu aone kama anaweza kuwatambua wazee wa kijiji.